Kocha Apimwe kwa Mtoto wa Mwisho

Swali langu ni fupi, ila watu wazima wengi hawapendi kuulizwa: tuna ruhusa ya kumuumiza mtoto kiasi gani, kama tunafanya hivyo kwa faida yake mwenyewe?

Sisemi juu ya watu wabaya. Mtu mbaya hatusumbui sana akili, tunajua la kumfanya. Nasema juu ya kocha anayempenda mtoto, anayeamka alfajiri bila mshahara, anayetoa pesa mfukoni mwake kununua mpira. Kocha huyo huyo anamfokea mtoto mbele ya wenzake mpaka machozi yanatoka, anamkimbiza akiwa na homa, anamwita mzembe, mnene, mwoga. Ukimuuliza anakujibu, "Ni kwa faida yake." Na mara nyingine, tuseme ukweli, mtoto yule anakuja kuwa mtu. Sasa hapo ndipo shida inapoanza.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, na swali hili nakutana nalo karibu kila juma, uwanjani na nyumbani kwa watu. Lakini nataka kulijadili kwa kupitia mchezo ambao hapa hatuna: kuogelea kwa mashindano. Najua wengine watacheka. Pisini sisi tunaiona kwenye simu tu. Hata hivyo wengi wetu tuliotoka Uvira, Baraka, Kalemie na Rumonge tumekulia kando ya Ziwa Tanganyika, na maji tunayaheshimu tangu utoto. Halafu kuogelea kuna kitu kimoja ambacho michezo mingine inakificha. Mtoto anayeogelea uso wake uko ndani ya maji. Hawezi kusema, na kusikia anasikia kidogo. Kocha yuko juu, mkavu, ana saa mkononi na filimbi mdomoni. Hakuna mchezo unaoonyesha wazi zaidi nani mwenye sauti na nani hana.

Kwanza tuelewe mafunzo yenyewe yanavyokwenda. Mtoto wa mashindano anaingia majini asubuhi kabla ya shule, na wengi wanarudi tena jioni. Kila kitu kinahesabiwa. Kocha anasema, kwa mfano: ogeleeni mita 100 mara kumi, na kila mia ianze baada ya dakika mbili. Ukimaliza kwa sekunde 90, unapumzika sekunde 30. Ukimaliza kwa sekunde 115, unapumzika sekunde tano tu, halafu filimbi inalia, unaondoka tena. Umeona hesabu hiyo? Mwenye nguvu anapumzika zaidi, dhaifu anapumzika kidogo. Saa haimwonei mtu, ni ile ile kwa wote, lakini yule wa mwisho ndiye anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote. Kocha anayejua kazi anaona jambo hilo mapema, anawapanga watoto kwenye njia tofauti za bwawa, kila njia na muda wake. Kocha asiyejali anatazama wale wa mbele tu, na yule wa nyuma anamwita mvivu.

Jambo la pili: mwili haujengeki wakati wa kuumia. Unajengeka baada ya hapo, wakati wa kula, kulala na kupumzika. Ndiyo maana waogeleaji wakubwa wakikaribia mashindano wanapunguziwa mita, siku baada ya siku, ili mwili urudishe nguvu. Kwa hiyo maumivu ya mafunzo ni kama dawa ya hospitali. Yana kipimo, yana saa yake, na yana mtu wa kukuangalia baada ya kumeza. Chupa nzima kwa mara moja siyo tiba tena.

Nasisitiza hayo sababu wazee wetu wana hoja yao, na ni hoja nzito. Wanasema: samaki mkunje angali mbichi. Wanasema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Baba mmoja aliniambia, "Kijana wangu, dunia haitamuonea huyu mtoto huruma. Bora azoee kwangu." Mtu aliyekimbia vita mara mbili akikuambia hivyo, huwezi kumjibu kwa maneno ya semina. Anajua anachosema. Mtoto wake kweli atakutana na mstari wa chakula, na mtihani kwa lugha isiyo yake, na mtu wa ofisini atakayemwambia arudi kesho kwa miezi sita.

Lakini namjibu kwa heshima hivi: methali inasema mkunje, haijasema mvunje. Na kuhusu kuzoea, tujitazame sisi wenyewe. Tumelala porini, tumelala njaa, tumezika watu njiani. Kama mateso peke yake yangekuwa mwalimu, kambi hii ingejaa mabingwa wa kila kitu. Haikujaa. Imejaa watu wanaoshtuka usiku. Mateso yasiyo na kipimo, yasiyo na sababu, yasiyo na mtu wa kukuangalia baada yake, hayakuzoezi kitu. Yanakuchosha tu. Kinachomfundisha mtoto ni ugumu uliopimwa na mtu anayemjua.

Mwaka jana tulionyesha vijana filamu ya The Swimmers, ile ya mwaka 2022, inayosimulia maisha ya dada wawili Wasyria, Sara na Yusra Mardini. Kisa chenyewe ni cha kweli. Baba yao, Ezzat, ni mwalimu wa kuogelea, na aliwafundisha tangu wadogo huko Damascus. Mwezi Agosti 2015 dada hao walipanda boti la mpira kutoka Uturuki kwenda kisiwa cha Lesbos, Ugiriki. Boti lilikuwa la watu sita au saba, wao walikuwa karibu 20. Injini ikazima katikati ya bahari. Yusra, Sara na wengine wachache waliojua kuogelea wakaingia majini, wakashika kamba, wakahangaika na boti lile zaidi ya saa tatu mpaka nchi kavu. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2016, Yusra akiwa na miaka 18 aliogelea kwenye Olimpiki ya Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Kwenye mita 100 za mtindo wa kipepeo alishinda mchujo wake, ingawa muda wake haukutosha kuingia nusu fainali.

Filamu ilipoisha, mjadala ukawaka. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, mwenzetu wa Fizi, akasema, "Ule baba njo aliokoa batoto bake. Bila ule ukali wa pisini, bangekufa bote mule mu maji." Watu wakapiga makofi. Na kweli, nani atabisha? Mita zile zote za utotoni ndizo zilizowabeba usiku na mchana wa safari yao.

Halafu msichana mmoja, wa miaka kama 16, akanyoosha mkono. "Na dada yake je, muzee? Yeye pia baba alimufundisha. Mbona yeye hakuenda Olimpiki?" Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Si kila mutoto anafika." Msichana akamwambia, "Basi yeye alipata nini?"

Swali hilo la msichana limebaki kichwani mwangu kuliko filamu yenyewe, maana ndilo swali la watoto karibu wote. Tufanye hesabu. Timu ya wakimbizi ya Rio 2016 ilikuwa na wanamichezo 10. Tokyo walikuwa 29. Paris 2024 walikuwa 37. Watu waliolazimishwa kuhama makwao duniani ni zaidi ya milioni 100. Hata nje ya wakimbizi ni hivyo hivyo: nchi kubwa zenye maelfu ya mabwawa zinatuma waogeleaji wachache tu kwenye Olimpiki, na kila mbio ina dhahabu moja. Kwa hiyo kocha yeyote, awe Marekani, Australia au hapa Isingiro, anatumia maisha yake yote akiwafundisha watoto ambao hawatashinda. Hiyo ndiyo kazi yake halisi. Bingwa ni mgeni anayepita mara moja katika miaka 20, au hapiti kabisa.

Kama ni hivyo, kumpima kocha kwa bingwa wake ni kumpima kwa kitu kisichotokea. Mimi nasema apimwe kwa mtoto wa mwisho, yule aliyefundishwa miaka mitano akaachia njiani. Alibaki na nini? Kama alibaki na mwili mzima, na ujuzi, na moyo wa kujaribu kitu kingine, basi ukali wa kocha ulikuwa malezi. Kama alibaki na aibu na goti bovu, basi alitumiwa. Alikuwa kuni za kupikia chakula cha mwingine.

Ukimpima Sara Mardini kwa saa ya mashindano, utasema alishindwa. Lakini Sara naye alikuwa majini siku ile ya boti. Baadaye alirudi Lesbos kujitolea, kuwasaidia watu waliokuwa wanafika kama alivyofika yeye. Agosti 2018 alikamatwa hukohuko Ugiriki kwa kazi hiyo, akakaa gerezani zaidi ya siku 100. Hakuna medali ya kitu kama hicho. Lakini msichana wetu akiuliza tena Sara alipata nini, nitamjibu: alipata kujua maji, na maji aliyoyajua akayatumia kwa watu. Faida hiyo haitegemei kufika wa kwanza. Na siyo faida ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Sisi watu wa maziwa hatuhitaji kuelezwa. Tunakumbuka Mv Bukoba ilivyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakafa.

Mtu atasema: sawa, lakini medali nazo zinathibitisha kitu. Kocha akileta medali nyingi, si ina maana njia yake ni nzuri? Tutazame Ujerumani Mashariki. Kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 wanawake wao hawakupata hata dhahabu moja ya kuogelea. Miaka minne baadaye, Montreal 1976, walichukua dhahabu 11 kati ya 13. Dunia ikashangaa. Waandishi wa habari walipouliza kwa nini sauti za wasichana wale ni nzito kama za wanaume, jibu lililobaki katika kumbukumbu ni kwamba wamekuja kuogelea, si kuimba. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, ukweli ukatoka. Serikali ilikuwa na mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo homoni za kiume. Wasichana, wengine hawajafika hata miaka 14, walipewa vidonge vya buluu wakaambiwa ni vitamini. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi ile, na daktari Manfred Höppner, kwa kushiriki kuwadhuru watoto na wasichana wale. Wote wawili walipewa vifungo vya nje. Wanawake wengi walibaki na magonjwa ya mwili na matatizo ya uzazi, na mwaka 2002 Ujerumani ilitunga sheria ya kuwalipa fidia waathirika.

Angalia vizuri kisa hicho. Wale makocha hawakuwapiga watoto. Wengine pengine walikuwa wapole sana, wakiwapa vidonge na chai. Na medali zilikuja kweli. Kwa hiyo ubaya wao haukuwa ukali, na matokeo yao hayakuwa hafifu. Ubaya wao ni kwamba mtoto hakuambiwa kinachoingia mwilini mwake wala ni kwa faida ya nani. Hapo tunajifunza kwamba upole nao unaweza kuwa wizi. Swali la kuuliza haliishii kwenye fimbo. Tuulize: mtoto anajua anafanyiwa nini, na anaweza kusema hapana akabaki na nafasi yake?

Sasa nije kwenye hoja ngumu, ile inayonisumbua mimi mwenyewe. Kuna mtu ambaye ukali ulimfaa, na anasema hivyo kwa mdomo wake. Michael Phelps wa Marekani alianza kufundishwa na Bob Bowman huko Baltimore akiwa na miaka 11. Kwa miaka kadhaa alifanya mazoezi kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Bowman amesimulia mwenyewe kwamba siku moja, kabla ya mbio, alikanyaga miwani ya kuogelea ya kijana huyo makusudi ikapata ufa, ili ajifunze kuogelea hata mambo yakiharibika. Ukisikia hivyo unasema, huyu ni mchokozi. Lakini Beijing 2008, kwenye mita 200 za kipepeo, miwani ya Phelps ilijaa maji na akawa haoni. Hakuogopa. Akahesabu mikono yake tangu mwanzo wa bwawa mpaka ukuta, akashinda, na akavunja rekodi ya dunia. Leo ana medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake za dhahabu, na Bowman bado anamheshimu kama mzazi.

Basi, si wazee wameshinda hoja? Sidhani. Kwanza, ugumu ule ulikuwa na sababu iliyoelekezwa kwenye jambo moja: tulia mambo yakiharibika. Haukuwa hasira ya kocha iliyotafuta mahali pa kutulia. Pili, Phelps huyo huyo amesema wazi kwamba baada ya Olimpiki ya London 2012 alifungwa na huzuni nzito mpaka akafikia kutotaka kuishi. Mtu mwenye dhahabu kuliko wote! Ameeleza kwamba kwa miaka mingi alijiona kama muogeleaji tu, siyo mtu. Sasa kama aliyepata kila kitu alifika hapo, fikiria yule aliyefanya Krismasi zile zile majini akakosa nafasi kwa sehemu ya sekunde. Hatumjui hata jina. Na tatu, tunamsikia Phelps kwa sababu alishinda. Walioshindwa na njia ile ile hawaitwi kwenye televisheni kutoa ushuhuda. Ndiyo maana ushahidi wa mabingwa unadanganya hata kama kila bingwa anasema kweli.

Wengine siku hizi wameanza kusema. Mwaka 2021 Maddie Groves wa Australia, mwenye medali mbili za fedha za Rio, alikataa kushiriki mashindano ya kuchagua timu ya Olimpiki, akilalamikia wanaume wanaodhalilisha wasichana katika mchezo huo. Chama cha kuogelea cha nchi hiyo kikaunda jopo huru, na taarifa yake ya Januari 2022 ikaonyesha mambo kama hofu ya kusema, maneno ya aibu juu ya miili na uzito wa wasichana, na uchache wa makocha wanawake. Chama kikaomba radhi. Mwaka huo huo wa 2021, Simone Manuel, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kushinda dhahabu ya mtu mmoja katika kuogelea, alieleza kwamba mwili wake ulikuwa umechoka kupita kiasi kwa mazoezi: moyo unakwenda mbio amekaa tu, usingizi haupo, kupanda ngazi anahema. Daktari akamwambia apumzike, akaacha maji majuma matatu. Alikosa fainali ya mbio zake kubwa za mchujo. Lakini alirudi, na Paris 2024 akapata medali ya fedha ya kupokezana. Mtu aliyesikilizwa anaweza kurudi. Aliyelazimishwa mpaka akavunjika harudi.

Hizo ni habari za nchi tajiri, zenye majopo na madaktari. Kwetu je? Kwenye timu ile ile ya Rio 2016 kulikuwa na Wakongo wawili wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, watu wa Bukavu. Walikuwa wamekwenda Brazili mwaka 2013 kwenye mashindano ya dunia, wakakimbia na kuomba hifadhi huko huko. Wamesimulia wenyewe kwamba nyumbani, wakishindwa pambano, kocha aliwafungia kama wafungwa, siku kadhaa, na chakula kidogo. Tunapenda kusema walikimbia vita, na ni kweli vita viliwagusa tangu watoto. Lakini siku waliyotoka hotelini walikuwa wanamkimbia kocha pia. Hilo tulikumbuke kila mara tunapofikiri kwamba mtoto akiwa kwenye michezo basi yuko salama.

Na kuna jambo ambalo ni letu sisi wakimbizi hasa. Kambini, mchezo siyo mchezo tu. Ni tumaini la safari. Mama mmoja alimshika mwanae begani mbele yangu akasema kwa furaha, "Huyu njo pasiporti yetu." Alikuwa anamsifu. Mtoto ana miaka 12. Sasa mtoto aliyeambiwa hivyo atamwambiaje kocha kwamba mguu unauma? Atamwambiaje kwamba kocha anamgusa vibaya, au anamtukana, au anamwomba kitu? Akisema, anaiangusha familia nzima. Kesi ya familia iko mwilini mwake. Mtoto wa tajiri akichoka anabadilisha kocha. Wa kwetu ana kocha mmoja, uwanja mmoja na tumaini moja. Kwa hiyo ndiyo yake haina uzito, sababu hapana yake haiwezekani.

Ndiyo maana nasema sisi tunaolea vijana kambini tunatakiwa kuwa waangalifu kuliko makocha wa Marekani, siyo kulegea eti kwa sababu hatuna vifaa. Watu wanasema haki za mtoto ni anasa ya wazungu wenye mabwawa. Mi naona kinyume. Mwenye njia nyingi za kutokea anaweza kuvumilia kocha mbaya mmoja. Asiye na njia ya kutokea kocha mbaya anammaliza.

Kuna mwogeleaji mmoja nampenda kuliko wote. Ni Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Alijifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Sydney 2000, akitumia bwawa dogo la hoteli huko Malabo. Bwawa la mita 50 hakuwahi kuliona kabla ya kufika Australia. Kwenye mchujo wake wa mita 100 wenzake wawili waliruka kabla ya wakati wakatolewa, akabaki peke yake. Mita za mwisho alikuwa karibu kuzama, uwanja mzima ukasimama kumshangilia mpaka akagusa ukuta. Muda wake ulikuwa dakika 1 na sekunde 52.72, zaidi ya mara mbili ya muda wa mshindi. Wengi walimcheka, na mpaka leo video yake inachekesha watu. Lakini hadithi haikuishia pale. Aliendelea kuogelea, muda wake ukashuka sana, na mwaka 2012 akawa kocha wa timu ya taifa lake. Mtu wa mwisho akawa mwalimu. Angekuwa na kocha wa kumtukana pale ukingoni mwa bwawa, sidhani kama angerudi majini hata siku moja.

Sasa tufanye nini? Sitaki kuishia kwenye maneno matupu. Kocha awe mkali, sawa. Adai watoto wafike mapema, wamalize walichoanza, wasikate pembe za uwanja wakikimbia. Lakini kila ugumu anaompa mtoto aweze kumweleza sababu yake, na kama hana sababu zaidi ya "mimi ndiye kocha", auache. Mtoto akisema nimechoka au naumwa, kesho yake nafasi yake iwepo. Mzazi asimwite mtoto pasiporti, hata kwa utani. Na kocha asikae na mtoto peke yao mahali pasipoonekana, hata kama kocha huyo ni malaika.

Juu ya hayo naomba kitu kimoja kwa makocha wote wa hapa, wa mpira, wa mbio, wa karate, na wa kuogelea siku tukipata bwawa. Kila kocha ana daftari la washindi: nani alifunga, nani alichaguliwa, nani alikwenda Mbarara au Kampala. Afungue daftari la pili, la walioacha. Aandike jina la mtoto, siku aliyoacha kuja, na sababu aliyoisema mtoto mwenyewe, siyo ile kocha anayoifikiria. Amtembelee nyumbani amuulize. Kila miezi sita tukae, wazazi na sisi wa vijana, tusome daftari hilo la pili kabla ya kusoma lile la kwanza. Kocha ambaye walioacha bado wanamsalimia njiani kwa furaha, huyo tumpe watoto wetu, hata kama kabati lake halina kikombe hata kimoja.